Zubairi, Uliyezipanda Kwanza Baiskeli za Watu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ya leo Wandegeya iliamka na manyunyu. Mvua ya usiku iliacha lami imelowa, na ukungu ulikaa juu ya hospitali ya Mulago kama mgeni asiyetaka kuaga. Baridi haikuwa kali, ila mikono ilitafuta kikombe cha chai.

Mwaka umetimia, Zubairi wetu, tangu alfajiri ile ya Ijumaa ulipomaliza kuswali, ukajilaza, ukasema kifua kinakubana, na Mwenyezi Mungu akakuita kabla hatujapata gari. Watu walikuwa wakinunua mbuzi wa Idd, sisi tukinunua sanda. Ukaswaliwa, ukapelekwa kwenu Bombo, ukalazwa karibu na baba yako. Tulisema tulichofundishwa kusema, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Hatukunung'unika siku ile, na hata leo hatuinung'unikii amri yake.

Lakini juu ya maneno ya wanadamu tuna jibu. Mwaka mzima tumesikia watu wakisema kwamba duka la baiskeli la Zubairi limezikwa pamoja na mwenyewe. Tunaandika kumbukumbu hii wewe uisikie na wao waisome. Halikuzikwa. Leo asubuhi lilikuwa wazi, na baiskeli ilikuwa imepinduliwa magurudumu juu mbele ya mlango, kama ulivyozoea kuiweka.

Duka lako lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye mlango wa bati, benchi la mbao nje, na bango ulilolichora kwa mkono wako: KWA ZUBAIRI FUNDI BAISKELI. Herufi za mwisho zilibanana kwa sababu ubao uliisha kabla ya neno kuisha. Tulikucheka siku ile. Ukasema, "Mwenye haja ya kusoma atasoma." Mkeo Fatumah, ambaye sasa anasoma darasa la jioni na watu wazima wenzake, analisoma bango hilo lote bila kusaidiwa, pamoja na zile herufi zilizobanana.

Mafundi wa baiskeli Kampala ni wengi. Spana zao ni kama zako, na grisi yao hutoka kopo kama lako. Tumeulizana mara nyingi kwa nini mtu alipita maduka mengine yote akaja kukaa kwenye benchi lako, wakati mwingine juani, akingoja zamu yake.

Tunakumbuka ulivyomrudishia mtu kifaa chake kibovu. Ukibadilisha mipira ya breki, ile ya zamani uliiweka katika kiganja cha mwenyewe, aisugue kwa kidole gumba, aone ilivyolika. Kama ni ya kutupwa, aitupe yeye. Hukutaka mtu alale akijiuliza kama ulichokitoa kilikuwa kizima.

Tunakumbuka ulivyofukuza wateja, jambo ambalo Fatumah alilalamikia miaka yote ya ndoa yenu. Mtu anakuja, "Mzee, nibadilishie mnyororo." Wewe unauinua kwa kidole, unauachia, unamwambia, "Huu bado unafanya kazi. Nenda zako. Ukianza kuruka, rudi." Anaondoka amevimba, anasema mzee amekuwa mvivu. Wiki inayofuata anarudi na baiskeli ya shemeji yake.

Na uliweza kusema "hii siijui." Wanafunzi wa hosteli walipoanza kuleta baiskeli zenye breki za mafuta, uliitazama ya kwanza, ukaizunguka, ukachuchumaa, ukasimama. Ukamwambia yule kijana, "Hii siijui. Nikiigusa nitakudanganya." Fundi mwingine angeifungua tu kisha ajifunze kwa hasara ya mwenyewe.

Kubwa kuliko yote ni kwamba hukumpa mtu baiskeli yake kabla wewe hujaipanda. Ndogo, kubwa, ya mizigo, ya shule, ilikuwa lazima uipande, uishushe ule mteremko wa nyuma ya soko, ushike breki pale panapokuwa pakali, kisha urudi ukiisukuma na kumsikiliza mwenyewe akilalamika kwamba umemchelewesha.

Muuza mikate mmoja alikuwa na haraka kupita wote. Alisema, "Mzee, nipe tu. Nitaijaribu njiani."

"Njiani unaelekea wapi?"

"Kawempe."

"Ukijaribu njiani utafika Mulago." Benchi lote likacheka. Ukatupa mguu juu ya tandiko. "Wewe kaa hapo. Acha nianguke mimi kwanza."

Siku ile ulianguka kweli. Gurudumu la mbele lilikuwa halijakazwa sawasawa, nawe ukaishia kwenye matope ya akina mama wa kabichi. Ulirudi ukichechemea, kanzu imekuwa rangi ya udongo, muuza mikate amesimama mdomo wazi. Ukasema, "Namshukuru Mungu ni mimi." Ukakaa chini ukaanza upya. Tangu siku ile yule bwana hakupeleka baiskeli yake kwa fundi mwingine, wala hakukuharakisha tena.

Binti yako Sumayiya aliyaona hayo yote. Alikulia kando ya benchi lako, kwanza akichezea gololi, kisha akizisafisha, kisha akizipanga mahali pake huku wewe umefumba macho na kumwambia azungushe ekseli usikie. Alipomaliza shule hakutaka kwenda kwingine. Alinyoosha rimu iliyopinda kama umeinyoosha wewe, akikaza spoki hii na kulegeza ile, taratibu, akizungumza nayo chini kwa chini. Wewe ulisema, "Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu." Ulisema mbele ya watu, na yeye akainama kujifanya anatafuta bisibisi.

Lakini hukumfundisha kupanda.

Dada yako Husnah ndiye aliyeweka sheria. Alisema mbele ya wageni wa Idd kwamba mtoto wa kike wa Kinubi akishika spana tutavumilia, kwa kuwa ni kazi ya baba yake, ila hatakaa juu ya baiskeli barabarani wanaume wakimtazama magoti. Wewe ulicheka ukaacha iwe hivyo. Kwani kulikuwa na haraka gani? Sumayiya angetengeneza, wewe ungepanda. Mlikuwa mkono mmoja na mguu mmoja. Ulidhani mguu utakuwepo siku zote. Hapo ulikosea, Zubairi, nasi tunakwambia kwa mapenzi, maana kosa hilo ndilo lililokaribia kutumaliza.

Arobaini ilipopita, Fatumah akiwa bado ndani katika eda, Sumayiya alifungua mlango wa bati peke yake. Alisoma Bismillahi, akafagia, akatoa benchi nje.

Wa kwanza kuja alikuwa Mumbere. Unamkumbuka, yule Mkongomani wa Beni anayebeba matoke kutoka sokoni hadi kwenye vibanda vya chakula vya wanafunzi, mikungu imefungwa nyuma mpaka yeye haonekani. Alikuja na huzuni yake ya kweli, akatoa pole, kisha akaweka baiskeli chini.

"Dada, breki iko inalia, na haishike."

Sumayiya aliifanyia kazi asubuhi yote. Alibadilisha mipira, akakaza waya, akampa ile mibovu kiganjani. Mumbere akaisugua kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akakaa kwenye benchi, akakunja mikono.

"Sawa. Sasa panda."

Sumayiya akafuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa ilikuwa imeshafutwa.

"Mzee alikuwa anapanda," Mumbere akasema.

"Najua alikuwa anapanda."

"Na wewe?"

"Mimi sijui kupanda."

Kulikuwa na wengine waliokuwa wamekuja kutoa pole. Mmoja wao akaguna, "Haa! Fundi huyu ni kama mpishi anayeogopa kuonja." Wakacheka, si kwa ubaya mwingi, lakini walicheka.

Mumbere hakucheka. Alisimama, akaishika baiskeli usukani. "Usiniwazie vibaya, dada yangu. Mimi nashuka hii kilima na mzigo. Breki ikikataa, ni mimi nakufa, matoke yanabaki." Akaondoka akiisukuma. Sumayiya alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, akiomba moyoni apande, apande tu, hata pale kwenye tambarare. Mumbere hakupanda. Aliisukuma mpaka akapotea.

Hilo lilimchoma kuliko kicheko. Usiku ule hakula.

Watu walipungua. Sumayiya alimwomba kijana wa boda anayeegesha pale jirani amjaribishie baiskeli. Kijana alikubali kwa furaha. Alishuka mteremko akipiga mluzi, akarudi, akasema, "Iko fiti!" Kila baiskeli kwake ilikuwa fiti, hata ile ambayo Sumayiya alikuwa bado hajaifunga pedeli moja sawasawa. Mama mmoja mwuza samaki akamwuliza: "Aliyekaza ni wewe, aliyepanda ni yeye. Ikinitupa nimshike nani?"

Mwisho benchi likawa la kupumzikia wapita njia.

Eda ya Fatumah ilipokwisha, mdogo wako Jibril alikuja nyumbani, ameandamana na mfanyabiashara wa vipuri aitwaye Nasif. Jibril si mtu mbaya. Kaburini alilia kuliko sisi sote. Lakini yeye na Husnah wana fungu lao katika mirathi yako, kama dini inavyosema, na duka lisilo na wateja lilimnyima usingizi. Husnah naye alikuwepo siku hiyo, amekaa pembeni na chai yake.

Nasif alikuwa na adabu. Alivua viatu mlangoni, akatoa pole, akasifu chai.

"Mama, mimi sitaki kuharibu kitu," alimwambia Fatumah. "Bango la mzee litabaki pale pale. Nitaleta vipuri vyangu na mafundi wangu. Nyinyi mpumzike."

Sumayiya akauliza, "Mafundi wako wataipanda baiskeli kabla ya kuitoa?"

Nasif akacheka. "Dada, huu ni mji. Mwenye baiskeli atapanda mwenyewe. Ndiyo maana ana miguu."

"Sasa bango la baba unalitakia nini?"

"Watu wanaliamini."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Fatumah akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo unataka wamwamini marehemu, halafu wapande vitu vyako."

"Shemeji," Jibril akaingilia, "usimkasirikie mgeni. Jiulize wewe. Benchi ni tupu. Sumayiya ana mikono ya kaka, mimi sikatai, lakini watu wamesema wanataka nini, naye hana. Tutangoja nini?"

"Ngojeni dua ya mwaka," Sumayiya akasema.

"Na siku hiyo?"

"Siku hiyo, kama hakuna hata mmoja atakayeniamini kwa baiskeli yake, chukueni ufunguo."

Jibril akakubali. Nasif akakubali haraka zaidi, akavaa viatu vyake akitabasamu. Husnah alikuwa akitazama chai yake kama imeingia nzi.

Hivyo ndivyo Sumayiya, mwanamke mzima, alivyoanza kujifunza kitu ambacho watoto wa jirani wanakijua kabla ya kujua kuhesabu. Alikwenda baada ya swala ya alfajiri, kwenye uwanja wa shule, akiwa amevaa suruali ndani ya gauni na baiskeli yako ya zamani mkononi. Fatumah alikwenda naye, akasimama pembeni na tasbihi. Hakuwa na msaada mwingine wa kutoa. Alimwomba Mola amshike mtoto, na Mola kwa hekima yake alimwacha aanguke. Akaanguka kushoto, akaanguka kulia, akaanguka akiwa bado amesimama, kabla hata ya kupanda.

Asubuhi moja tukamwona Husnah anakuja. Alikuja kwa mwendo wake ule wa kwenda kugombana, gurbaba yake, ile nguo ya Kinubi ya kujifunga, imefungwa vizuri, mikono kiunoni. Sumayiya alikuwa chini, goti linatoka damu. Fatumah akajiandaa kwa vita.

Husnah akamtazama mtoto chini. "Nani amekufundisha kutazama gurudumu?"

"Shangazi?"

"Unatazama gurudumu! Kwani litakimbia liende wapi? Tazama mbele unakokwenda." Akainama akamwinua kwa kwapa. "Na huo mtandio ufunge. Unakupiga usoni."

Fatumah akasema, "Wifi, si wewe uliyesema..."

"Nilisema. Hata wewe ulinisikia, hujazeeka masikio." Akaikamata baiskeli nyuma, kwenye keria, kwa mikono miwili. "Aibu nilikuwa nayo wakati kaka yangu ana miguu ya kupanda. Sasa nichague: nione magoti ya mtoto wetu, au nione jina la kaka yangu limeandikwa juu ya breki za yule bwana wa viatu safi? Panda, Sumayiya. Panda kabla sijabadili mawazo."

Akakimbia nyuma ya ile baiskeli, Zubairi. Dada yako, anayelalamika magoti akipanda ngazi ya nyumba, alikimbia akishika keria, akipiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga, wewe!" Wanawake waliokuwa wakipita na sufuria za uji kuelekea sokoni wakasimama. Mmoja akaita, "Jamani, Wanubi wamefungua sarakasi!"

"Kiingilio unacho?" Husnah akamjibu bila kusimama. "Kama huna, pita!"

Wakaanguka wote wawili. Gurbaba ya Husnah ilinasa kwenye mnyororo, na ilibidi Sumayiya alale kifudifudi pale uwanjani aitoe uzi kwa uzi, huku shangazi yake amekaa kwenye umande akicheka mpaka analia. Tulicheka sisi sote. Ilikuwa mara yetu ya kwanza tangu tukuzike. Kisha Husnah akafuta macho, akasema, "Angenicheka sana leo." Tukajua anakusema wewe.

Waliendelea kwenda. Yalikuja majuma ambayo Sumayiya aliweza kuzunguka uwanja lakini hakuweza kusimama bila kuruka. Yakaja mengine ambayo aliweza kusimama, lakini mteremko wa nyuma ya soko aliutazama kwa mbali tu, akarudi nyumbani. Alikuwa akiswali rakaa mbili kabla ya kwenda uwanjani. Hakuomba asianguke. Aliomba akianguka iwe yeye, isiwe mteja.

Leo ndiyo siku yenyewe. Tulikusomea Kurani nje ya duka lako, chini ya turubai kwa sababu ya manyunyu. Imamu aliomba dua. Kulikuwa na chai na mandazi, na kisra, ule mkate mwembamba wa Kinubi, aliyoipika Husnah. Jirani zako walikuja. Jibril alikuja, na Nasif alikuja naye, safari hii na mtu mwenye futi ya kupimia rafu. Alipima mlango wakati imamu bado hajamaliza kunywa chai.

Benchi lilikuwa limejaa watu waliokuja kukuombea. Baiskeli haikuwepo hata moja.

Sumayiya alikaa kwenye kigoda chako na hakuwa na la kufanya na mikono yake. Jibril alimkaribia, akasema kwa upole, "Binti yangu, tulisema leo." Yeye akajibu, "Leo haijaisha, ami."

Wakati huo Mumbere akatokea, akisukuma. Hakuja kwa kuhurumia, tunajua, kwa sababu alikuwa na mikungu yake nyuma na uso wa mtu aliyeudhika. Alikuwa ametoka kwa fundi mwingine, na breki imelegea tena. Aliona watu, akavua kofia, akatoa salamu. Kisha akauliza lile lile.

"Dada. Wewe iko unapanda sasa, ama bado?"

"Nitapanda," Sumayiya akasema.

"Hii kilima? Na hii maji?"

"Lete."

Mikungu ikashushwa. Sumayiya akaipindua baiskeli magurudumu juu, akaanza. Hatujui kazi ile ilichukua muda gani. Tunajua tu kwamba hakuna aliyeondoka, na hata yule wa futi aliacha kupima. Alipomaliza alimpa Mumbere mipira ya zamani, akafunga mtandio wake, akasema Bismillahi, akapanda.

Lami ilikuwa inateleza. Boda zilikuwa zinapanda upande wa pili zikipiga honi. Tulimwona akishika kasi, mgongo umenyooka, gauni limekunjwa, na Fatumah akafumba macho, kisha akafumbua, kwa kuwa hakutaka mtoto wake aanguke yeye hajaona. Pale panapokuwa pakali, pale ulipokuwa ukishika wewe, Sumayiya akashika breki. Baiskeli ikalia. Sehemu ya nyuma ikacheza upande mmoja kama inataka kumtema. Akaweka mguu chini, kiatu kikaburuta, akasimama.

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Husnah alipiga kimoja ambacho soko zima lilisikia.

Sumayiya akarudi akiisukuma, taratibu, mpaka mbele ya Mumbere. Hakutabasamu.

"Haiko sawa," akasema.

Makofi yakafa.

"Ya nyuma inachelewa kushika. Waya nimeukaza vibaya. Ni mkono wangu. Siwezi kukupa."

Nasif akageuka kwa watu, mikono wazi. "Mmesikia wenyewe. Mbele ya watu wote, siku ya dua, anakiri ameharibu. Huyu ndiye mnataka awatengenezee?"

Tulimtazama Mumbere, kwa maana hukumu ilikuwa yake. Mumbere alikuwa bado ameshika ile mipira mibovu. Akaanza kucheka, kwanza polepole, mabega yakitikisika.

"Wewe mzee wa vipuri," akamwambia Nasif, "mafundi ya huko mjini yote yananiambia iko sawa. Kila siku iko sawa, iko sawa. Mimi naanguka na iko sawa." Akakaa kwenye benchi, akasogezana na wenzake, akakunja mikono. "Huyu ameniambia haiko sawa. Basi mimi nangojea. Hata mpaka jioni."

Sumayiya akaipindua tena. Akaanza upya, kama ulivyokuwa ukianza. Aliposhuka mara ya pili hapakuwa na makofi, kwa sababu watu walikuwa wakisikiliza. Breki ilishika bila kulia. Alisimama pale pakali, akaiachia kidogo, akashika tena, akasimama tena. Akarudi akampa Mumbere usukani, akasema neno moja tu: "Chukua."

Mikungu ikafungwa. Mumbere akarudisha kofia kichwani, akapanda hapo hapo mlangoni, hakuisukuma hata hatua moja, akashuka na mzigo wake wote mpaka tukaona majani ya matoke tu yakipinda kona. Mama mwuza samaki, ambaye alikuja kwa ajili ya dua, akasema atakwenda kuileta ya kwake sasa hivi kabla watu hawajapanga mstari.

Jibril alisimama kwa muda akitazama mteremko. Kisha akamshika Nasif mkono, akamtoa chini ya turubai kwa heshima. "Ndugu yangu, ahsante kwa kuja kwenye dua. Nenda na mtu wako wa futi. Hapa hapana cha kupima."

Kwa wale wanaosema duka la Zubairi limekufa, hayo ndiyo majibu yetu. Njooni mkae kwenye benchi mngoje zamu yenu. Mtacheleweshwa, na wengine mtafukuzwa na minyororo yenu mizima.

Ee Mola, mkunjulie kaburi lake, mpe nuru, msamehe alichokosea kwetu na kwa watu, na umlipe kwa kila mara alipouweka mwili wake mbele ya mwili wa mwenzake.

Wanaokukumbuka, Zubairi, na waliosimama leo mbele ya duka lako kuwa mashahidi, ni mkeo Fatumah, dada yako Husnah, mdogo wako Jibril, wakwe, wapwa na wajukuu wa ukoo wako wa Bombo, jirani zako wa nyuma ya soko na mafundi wenzako. Hakuna siku itakayopambazuka tukawa tumekusahau.

Na mbele yao wote, baada ya imamu kufunga shughuli kwa dua na kusema amina ya mwisho, binti yako Sumayiya alisimama juu ya benchi, mikono yake ina grisi, akasema kwa sauti ambayo hata walio ng'ambo ya barabara waliisikia:

"Mungu ananisikia, na nyinyi mnanisikia. Baiskeli nitakayoogopa kuipanda haitatoka kwenye mlango huu. Siku mkiiona imetoka, msinisikilize nikijieleza. Lishusheni bango la baba yangu."